Mwacheni mtoto wa Nengo asome bila mtihani

Muulize mtoto wa darasa la nne huko Nengo amesoma nini wiki hii, atakuonyesha daftari. Amesoma ubaoni, amesoma kitabu cha Sayansi, amesoma maswali ya mtihani wa muhula uliopita pamoja na majibu yake. Muulize tena: umesoma nini ambacho hakuna aliyekuagiza? Hapo wengi hunyamaza. Kimya hicho hakitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Ni matokeo ya namna sisi watu wazima tulivyompangia mtoto mambo: kusoma ni kazi, kazi ina alama, na mwisho wa kila ukurasa kuna swali linalomngoja.

Nengo ni akagari, yaani kitengo cha utawala kilicho chini ya sekta, katika sekta ya Gisenyi, wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Hoteli za watalii zinatazama maji, na mji wa Goma upo hapo jirani, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Jioni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, huingia ziwani na mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wakipiga kasia kwa nyimbo. Alfajiri akina mama huelekea mpakani na mizigo kichwani. Mtoto wa hapa hukua akisikia Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na kwa majirani wa Goma, Kifaransa cha wazee waliosoma zamani, na Kiingereza cha shuleni. Masikio yake yameshiba kuliko ya watoto wa miji mingi ya Afrika Mashariki. Macho yake ndiyo yanayolala njaa.

Hoja yangu ni moja. Mtoto wa shule ya msingi anastahili kupata muda, kila siku ya shule, wa kusoma kitabu alichokichagua mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, bila kuulizwa swali hata moja akimaliza. Wapo walimu na wazazi wanaouona muda huo kuwa ni anasa ya shule za matajiri. Mimi nauona kuwa ndiyo kazi ya kwanza ya shule ya msingi, na mtoto wa mvuvi na wa mchuuzi wa mpakani anauhitaji kuliko mtoto yeyote mwingine.

Tuanze na jinsi mtu anavyokuwa msomaji. Mtoto anayeunganisha herufi moja moja husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika kwenye nukta. Anasikia sauti, maana inamponyoka. Wepesi wa kusoma, ule unaomwezesha kuliona neno na kulitambua papo hapo, huja kwa wingi wa kurasa. Lazima akutane na neno hilohilo mara nyingi, leo katika habari ya fisi, kesho katika habari ya mvua, keshokutwa kinywani mwa bibi mkali anayelinda shamba lake. Kitabu cha kiada hakina kurasa za kutosha kwa kazi hiyo, wala hakikuandikwa kwa ajili hiyo. Hadithi ndiyo inayomvuta mtoto afungue ukurasa wa pili kwa sababu tu anataka kujua sungura atatokaje mtegoni. Watoto wa Gisenyi hujifunza kuogelea kwa kuingia ziwani kila siku na kucheza humo, na hakuna anayewasimamisha ufukoni kuwauliza maswali juu ya maji. Kusoma kunataka uhuru huohuo.

Jambo hili limepimwa, na limepimwa katika shule za vijijini zisizo na fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walichukua shule 12 za msingi katika vijiji vya Fiji, ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Madarasa ya baadhi ya shule hizo yalipelekewa vitabu vya hadithi 250 vyenye picha. Watoto walisoma kimya kila siku, au walisoma pamoja na mwalimu wao. Shule nyingine ziliendelea na mazoezi ya kawaida ya lugha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983: watoto waliozungukwa na hadithi walisonga mbele katika kusoma kwa kasi inayokaribia mara mbili ya wenzao. Hapakuwa na jengo jipya wala mwalimu mgeni. Kulikuwa na vitabu vya kupendeza na ruhusa ya kuvisoma.

Ushahidi wa pili unagusa umaskini wenyewe. Mwaka 2000 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilianza mitihani ya PISA kwa vijana wenye umri wa miaka 15. Watafiti wake walipochambua matokeo ya kusoma, waliona kwamba vijana wa wazazi wenye kazi za hali ya chini, lakini wanaopenda kusoma na wanaosoma vitu vingi vya aina mbalimbali, waliwashinda vijana wa wazazi wenye kazi za juu ambao hawapendi kusoma. Hakuna serikali inayoweza kumbadilishia mtoto wazazi wala mfuko wa familia yake kwa siku moja. Kupenda kusoma kunaweza kupandwa. Kwa mama anayevuka mpaka kila siku na kapu la nyanya, sijui habari njema kuliko hiyo.

Na hali yetu haituruhusu kungoja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia pamoja na washirika wake ilikadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi na rahisi. Hao ni watoto ambao wengi wao wako darasani. Wanafika shuleni, wanaitika majina, wananakili yaliyo ubaoni, na bado ukurasa umewafungia mlango.

Rwanda yenyewe imeshajaribu dawa. Katika wilaya ya Gicumbi, shirika la Save the Children liliendesha programu ya Literacy Boost, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakafuatilia matokeo yake kwa miaka miwili. Sehemu nyingine walimu walipewa mafunzo tu. Sehemu nyingine, pamoja na mafunzo ya walimu, jamii nayo iliingizwa: wazazi walikutana kuzungumzia kusoma, na watoto wakawa na mahali pa kusomea vijijini na vitabu vya kuazima. Ripoti ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba palipounganishwa shule na jamii, watoto waliendelea vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuwa na programu hiyo. Mwalimu peke yake, hata awe hodari namna gani, hawezi kuvuta mzigo huu bila nyumba na mtaa.

Sasa mtu ataniuliza: vitabu viko wapi? Vipo, tena vingi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1995, nchi ikiwa bado katika majonzi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Éditions Bakame, nyumba ya uchapishaji wa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Aliipa jina la Bakame, yule sungura mjanja wa ngano za Kinyarwanda anayejulikana na kila mtoto. Baada yake wachapishaji wengine wa Kigali wameingia uwanjani, na mashindano ya Andika Rwanda yamewaita wanafunzi na walimu wenyewe kuandika hadithi. Miradi ya kusoma ya muongo uliopita, kama Soma Umenye na Mureke Dusome, ilipeleka vitabu shuleni na vijijini kote nchini. Kwa mwenye simu ya intaneti, tovuti ya African Storybook inatoa hadithi za bure kwa Kinyarwanda, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika.

Shida kubwa ni safari ya mwisho, ile ya kutoka kabatini hadi mkononi mwa mtoto. Katika shule nyingi za ukanda wetu, vitabu vya hadithi hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu au stoo, nyuma ya kufuli. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Ameandikishwa idadi ya vitabu, anajua mkaguzi atakuja kuvihesabu, na anajua kitabu kikiloa au kikipotea ataulizwa yeye. Basi anavitunza. Tumelelewa kuamini kwamba akiba haiozi. Akiba ya vitabu huoza: unyevu huvivimbisha, panya huvitafuna, na watoto walioandikiwa humaliza darasa la sita bila kuvigusa. Kitabu kilichochanika pembe kwa kushikwa na mikono arobaini kimelipa gharama yake. Kile kinachong'aa kabatini baada ya miaka mitano ndicho hasara.

Kwa hiyo wilaya na Bodi ya Elimu ya Msingi, REB, zibadilishe swali la mkaguzi. Badala ya kuuliza vitabu vingapi vimebaki, aulize vingapi viliazimwa mwezi huu na watoto wangapi. Upotevu wa vitabu vichache kila mwaka uhesabiwe kuwa matumizi ya kawaida, kama chaki. Siku mwalimu mkuu atakapopongezwa kwa vitabu vilivyochakaa, kufuli zitafunguka zenyewe.

Lugha nayo tuizungumze bila woga. Mwaka 2008 serikali iliamua kufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa kuwa lugha ya kufundishia madarasa matatu ya kwanza. Mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitatumika tangu darasa la kwanza. Sababu za uamuzi huo zinaeleweka: kazi, vyuo, biashara na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini kusoma kwa raha kuna sheria yake. Mtoto hawezi kucheka kwa sentensi asiyoielewa, wala hawezi kuogopa fisi ambaye jina lake hajawahi kulisikia. Hata kama somo la Hisabati litakuwa kwa Kiingereza, kitabu cha raha cha mtoto wa miaka saba kiwe kwa Kinyarwanda. Akishakuwa msomaji katika lugha yake, ufundi ule ataubeba kwenda nao katika Kiingereza, kwa sababu mtu hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Baada ya hapo hujifunza lugha.

Na Gisenyi ina bahati ya ziada. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na hapa kilikuwa lugha ya soko, ya msikiti na ya ujirani muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Tanzania ina utajiri wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kuchapisha mamia ya vitabu na kuvisambaza katika shule za vijijini. Kenya nayo ina rafu zake. Vitabu hivyo vikifika Rubavu, vitamkuta mtoto ambaye tayari anaisikia lugha hiyo kila anapotumwa dukani. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaolalamika kwamba soko lao ni dogo, waitazame ramani hadi kwenye Ziwa Kivu.

Kitabu kikishafika mkononi, tusikiharibu kwa maswali. Mwaka 1992 mwandishi wa Kifaransa Daniel Pennac, aliyekuwa mwalimu kwa miaka mingi, alichapisha kitabu kiitwacho Comme un roman na humo akaorodhesha haki 10 za msomaji. Miongoni mwake kuna haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu, na haki ya kunyamaza kuhusu ulichosoma. Walimu wengi hushtuka wakizisikia. Lakini jiulize wewe mwenyewe unayesoma gazeti hili leo: ni nani aliyekuamuru ulianze ukurasa wa kwanza, na ni nani atakayekutahini ukilikunja? Unasoma kwa sababu umetaka. Tumnyime mtoto kwa nini haki tunayojipa sisi?

Uhuru huo unahusu pia aina ya kitabu. Mvulana anayejua majina ya wachezaji wote wa Etincelles na Marines, timu zetu mbili za Rubavu, mpe habari za mpira. Msichana anayependa vitendawili, mpe kitabu cha vitendawili. Anayetaka kurudia kitabu kilekile mara kumi, mwache arudie. Katika kurudia ndimo wepesi unapozaliwa. Mwenye miaka kumi anayechagua kitabu chenye picha nyingi asichekwe kwamba ni cha watoto wadogo. Dhihaka moja mbele ya darasa inaweza kumfanya mtoto akichukie kitabu kwa miaka mingi.

Najua pingamizi la wazazi, na ni pingamizi la watu wanaowapenda watoto wao. Wanasema: sisi tunataka mtoto afaulu mtihani wa taifa wa darasa la sita, hadithi zitamsaidia nini? Jibu langu ni kwamba mtihani wenyewe ni kusoma. Swali la Hisabati lina maneno. Swali la Sayansi lina aya nzima. Mtoto asiye na wepesi humaliza muda wake akipambana na sentensi, na alama humtoroka huku jibu likiwa kichwani mwake.

Wengine wanasema muda hautoshi. Katika shule nyingi za Rwanda, watoto wa madarasa ya chini husoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, hata baada ya serikali kujenga zaidi ya madarasa 22,000 kuanzia mwaka 2020 ili kupunguza msongamano. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la pili ana nusu siku nje ya shule. Muda upo. Tunachokosa ni kitabu cha kwenda nacho nyumbani na mtu mmoja wa kumsikiliza.

Mtu huyo si lazima awe amesoma. Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu akina mama na akina baba wengi hujiona hawana la kuchangia. Mzazi asiyejua herufi anaweza kukaa karibu na mwanawe robo saa, akamwambia nisomee, akacheka panapochekesha na kushangaa panaposhangaza. Kaka wa darasa la sita anaweza kumsomea mdogo wake. Nyanya aliyekulia katika igitaramo, yale maongezi ya jioni ya ngano, vitendawili na mashairi, ana maktaba kichwani mwake. Akimsimulia mjukuu habari za Bakame leo, kesho mtoto atakitambua kitabu cha Bakame kama mtu wa nyumbani. Rwanda pia ina Umugoroba w'Imiryango, mikutano ya jioni ya familia katika kila kijiji, yaani umudugudu. Hapo huzungumzwa lishe, ugomvi wa ndoa na usafi. Iingizwe robo saa ya watoto kuwasomea wazazi wao hadharani, kwa hiari, bila zawadi na bila mashindano.

Mwaka 2025 ulitufundisha kwamba jambo hili lazima liwe letu. Mwishoni mwa Januari, mapigano ya Goma yalirusha mabomu hadi Rubavu, watu wakauawa na kujeruhiwa, na watoto wakalazimika kubaki nyumbani. Siku chache kabla ya hapo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID, lililokuwa likigharamia programu za kusoma kama Uburezi Iwacu na Tunoze Gusoma, lilikuwa limefungwa. Nawashukuru waliotusaidia. Lakini klabu ya kusoma inayokufa siku mfadhili anapofunga ofisi ilikuwa imejengwa juu ya ardhi ya kukodi. Na mtoto aliyesikia milipuko akiwa kitandani anahitaji kitabu cha hadithi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa saa moja anapata pa kupumzisha moyo, na anakuta humo watu waliopita katika hofu wakatoka salama.

Gharama si kubwa ya kututisha. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa la Kenya lilianza kubeba vitabu kwa ngamia kuwapelekea watoto wa wafugaji huko Garissa, katika nchi kavu isiyo na barabara za uhakika. Nengo ina barabara, ina umeme, ina hoteli zinazopokea wageni mwaka mzima, ina makanisa, na misikiti ya mji iko karibu. Sanduku la mbao lenye vitabu hamsini, likihamishwa kila mwezi kutoka umudugudu mmoja hadi mwingine, linaweza kununuliwa na wafanyabiashara wachache wa ufukoni bila kungoja bajeti ya mtu.

Basi naomba haya. Walimu wakuu, fungueni makabati Jumatatu hii, na kila darasa lipewe dakika ishirini za kusoma kimya, mwalimu naye akiwa na kitabu chake mkononi. Wilaya ya Rubavu, hesabuni vitabu vilivyoazimwa. Wenye hoteli na maduka, kila mmoja adhamini sanduku moja. Wachapishaji, leteni vitabu vya Kiswahili na Kinyarwanda hadi kwenye soko la Gisenyi, kwa bei ya mtu wa soko. Rwanda huadhimisha mwezi wa kusoma kila Septemba, na maadhimisho hayo ni mema. Mtoto, hata hivyo, ana miezi kumi na miwili. Nawe mzazi, jioni ya leo mwambie mwanao akusomee chochote anachokipenda, umsikilize mpaka mwisho, kisha usimuulize swali lolote.